Sehemu ya masta kwenye miksa: sauti inapasuka ingawa feda kuu iko chini, naombeni ushauri

Sauti_Safi
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kuhusu sehemu ya masta kwenye miksa ya analogi: chaneli 24, makundi 4 (njia za kuunganisha chaneli kadhaa chini ya feda moja), oksi 6 (njia za pembeni za kupeleka sauti kwenye monita au kifaa cha mwangwi), tokeo la kushoto na kulia, na tokeo la mono linalolisha sabufa (spika za besi). Chaneli moja moja nikizisikiliza ziko safi. Zikiingia zote sauti inapasuka, hasa ngoma na waimbaji wakipanda pamoja. Nimeshusha feda kuu (kitelezi cha sauti yote) hadi −20 na bado inapasuka, ila kwa sauti ndogo. Pili, nikifunga feda za kundi la waimbaji (1-2), sauti zao zinapungua kidogo tu, na mwangwi wao unabaki palepale. Tatu, nikibonyeza PFL (kitufe cha kusikiliza chaneli kabla ya feda yake) ya chaneli yoyote mita kuu inaruka hadi kwenye nyekundu, wakati spika hazijabadilika hata kidogo. Nianzie wapi?

FundiMawimbi
Mkuu, chaneli zote hukutana kwanza kwenye mstari wa mchanganyiko, zinapita kwenye saketi ya kujumlisha, ndipo zinafika kwenye feda kuu. Vilele vya mawimbi vikishakatwa pale kwenye kujumlisha, feda iliyo mbele yake haina cha kuokoa. Inapunguza ukubwa wa sauti ambayo tayari imeharibika, ndicho hasa unachokisikia.

Angalia hesabu. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikijumlishwa zinaongeza dB 3 (dB ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Zikiwa nne ni dB 6, nane ni dB 9, kumi na sita ni dB 12, na huo ni wastani, vilele vinapanda zaidi. Miksa nyingi za analogi huanza kukata karibu na +20 hadi +22 dBu (desibeli zinazopima volti za sauti). Kama sifuri ya mita yako ni +4 dBu (baadhi ya miksa ni 0 dBu, soma kitabu chake), una nafasi ya dB 16 hadi 18 tu juu ya sifuri. Chaneli zikiwa zimejaa, hiyo nafasi inaisha upesi.

Rudisha feda kuu kwenye 0 na uiache hapo. Lakini shusha amplifaya kwanza! Kutoka −20 hadi 0 ni volti mara 10, yaani nguvu mara 100 kwenye spika, na dereva za sauti nyembamba ndizo hufa kwanza. Ukumbi ukiwa na kelele kupita kiasi wakati feda kuu iko kwenye 0, punguza kwenye amplifaya au prosesa. Halafu shusha chaneli, si masta.

Kebo_Ndefu
Naungana na mkuu hapo juu, ila swali la tatu ndilo linaloonyesha pa kuanzia. Kwenye miksa nyingi, ukibonyeza PFL mita kuu inaacha kuonyesha tokeo na inaonyesha chaneli hiyo kabla ya feda yake. Ndiyo maana spika hazibadiliki. Nyekundu unayoiona ni geini (ukuzaji wa sauti inapoingia kwenye chaneli) iliyozidi: bado haijapasuka ikiwa peke yake, lakini haijaacha nafasi kwa wenzake.

Kwa hiyo anza na geini. Mwimbaji aimbe kwa nguvu yake ya kweli, si ile ya "moja, mbili, tatu". Bonyeza PFL, punguza geini hadi wastani ucheze karibu na 0 na vilele visipite +6 hivi. Achia PFL, nenda chaneli inayofuata.

Oksi za kabla ya feda zitashuka pamoja na geini. Ukipunguza dB 8, monita (spika za jukwaani) nazo zinapoteza dB 8, na jukwaani watakuambia hawasikii. Rudishia kwenye nobu kuu za oksi, ukisikiliza kwa AFL, maana AFL inakupa sauti baada ya nobu, yaani kile kinachoenda kwenye monita.

Kama miksa yako ina solo (kitufe cha kusikiliza chaneli moja) ya aina ya kuzima chaneli nyingine zote kwenye tokeo kuu, usiitumie watu wakiwa ukumbini. Na shusha hedifoni kabla ya kubonyeza solo yoyote.

Mama_Mita
Ndugu, kwenye kundi una njia mbili. Tazama vitufe pembeni ya feda za waimbaji: bila shaka L-R (kushoto na kulia, yaani masta) na 1-2 (kundi) vyote vimebonyezwa. Sauti ileile inafika masta moja kwa moja na tena kupitia kundi, na zikikutana zinaongezeka hadi dB 6. Ukifunga kundi unaondoa hizo dB 6 tu. Achia L-R kwenye chaneli, acha 1-2, kisha hakikisha kundi lenyewe limeelekezwa L-R, la kwanza kushoto na la pili kulia. Fanya hivyo feda kuu ikiwa chini, vitufe hivyo huweza kutoa mlio wa ghafla.

Mwangwi unabaki kwa sababu oksi ya baada ya feda inafuata feda ya chaneli, haijui habari za kundi. Elekeza marejeo ya mwangwi (sauti inayorudi kutoka kifaa cha mwangwi) kwenye kundi hilohilo, vitashuka pamoja. Ila kama ngoma nazo zinatumia mwangwi huohuo, usifanye hivyo, shusha marejeo kwa mkono. Na ikiwa mwangwi unarudi kupitia chaneli ya kawaida, oksi inayoulisha iwe sifuri kwenye chaneli hiyo. Ukiifungua, sauti inazunguka na kupiga yowe.

Sauti_Safi
Nashukuru sana wakuu. Vitufe vyote viwili vilikuwa chini kweli. La mwisho: feda kuu ikishuka, sabufa zinabaki na nguvu ileile. Ni kawaida?

FundiMawimbi
Inategemea miksa. Kwenye baadhi, mono inachukuliwa baada ya feda kuu, kwingine kabla, ikiwa na nobu yake. Yako ni ya pili. Tafuta kitufe cha kubadilisha chanzo karibu na nobu ya mono. Kama hakipo, lisha sabufa kwa kugawa tokeo la kushoto na kulia kwenye krosova (kifaa kinachotenga besi na sauti nyingine), ndipo besi itafuata feda kuu.

Kebo_Ndefu
Na wakati wa kuzima, amplifaya kwanza, miksa mwisho. Kuwasha ni kinyume chake.