Mtungi wa klorini unatoa harufu kila ukibadilishwa: maji yanasaidia?

Pampu_Namba2:
Wakuu, habari za kazi. Mtambo wetu wa kusafisha maji unatumia gesi ya klorini, mitungi ya kilo 68, na regulata ya vakyumu (kifaa kinachotoa gesi pale tu inaponyonywa) inafungwa moja kwa moja kwenye valvu ya mtungi. Kila tukibadilisha mtungi harufu inatoka dakika kadhaa na macho yanawasha. Je, hilo ni la kawaida? Halafu wapo wanaosema ukiona unavuja uumwagie maji kwa mpira. Barakoa tulizonazo ni za chujio, zile za uso mzima. Zinatosha?

Mkemia_wa_Zamu:
Si la kawaida, mkuu. Mtungi ukibadilishwa vizuri, harufu unaisikia kidogo sana au husikii kabisa.

Anzeni na mnavyoufungua ule ulioisha. Funga valvu ya mtungi, lakini injekta (kifaa kinachonyonya gesi kwa mkondo wa maji) iache iendelee kunyonya. Tazama kigololi ndani ya mita ya kioo: kinatakiwa kishuke hadi chini kabisa na kitulie hapo. Kikiendelea kuelea, ama valvu haijafunga sawasawa, ama gesi iliyobaki kwenye regulata haijaisha. Watu wengi hawasubiri hapa, wanalegeza klampu palepale, na hiyo ndiyo harufu yenu.

Jambo la pili ni washa ya risasi (pete ya madini laini ya risasi inayoziba kiungo). Kila mtungi, washa mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Ikishabanwa mara moja imeshachukua umbo la mtungi ule, haitakaa vizuri kwenye mwingine. Msiweke mbili pamoja. Kwangua mabaki, futa kwa kitambaa kikavu, na grisi au mafuta yasikaribie kabisa, maana klorini inapambana nayo vibaya. Kaza klampu kiasi cha kuibana washa. Ukizidisha, risasi inasukumwa ndani na kuziba njia ya gesi.

Kisha fungua valvu robo mzunguko na uifunge papo hapo, ili kwenye kiungo kuwe na gesi kidogo tu ya kupimia. Sogeza mdomo wa chupa ya plastiki yenye amonia kali ya viwandani (ya dukani ya kufanyia usafi ni dhaifu mno) na uiminye taratibu ili utoke mvuke tu. Moshi mweupe ukitokea, pale panavuja. Usimwage amonia yenyewe kwenye valvu, itaila shaba. Pakiwa safi, fungua mzunguko mmoja, unatosha. Spana isizidi sentimita 20 na isiongezwe bomba. Moshi ukitokea kwenye shina la valvu, kaza kidogo nati ya pakingi (inayobana kizibo kinachozunguka shina hilo). Mara nyingi huishia hapo.

Valvu_na_Pakingi:
Hayo ya maji yakomeshwe leo. Klorini kavu haisumbui chuma, ila ikikutana na maji inazaa asidi ya hidrokloriki na hipoklorasi, na tundu dogo linakuwa kubwa mbele ya macho yako. Maji pia yanaupasha joto mtungi, kwa hiyo klorini ya ndani inachemka haraka zaidi. Na hayawezi kuimeza gesi: lita 1 ya maji ya nyuzi 20 inayeyusha kama gramu 7 tu, kwa hiyo mtungi mzima ungetaka karibu lita 10,000.

Kinachomeza klorini ni kostiki (sodiamu hidroksidi) iliyoyeyushwa kwenye maji. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya klorini inahitaji kilo 1.13 za kostiki, yaani kilo 77 kwa mtungi wenu, na juu yake ziada. Gesi iongozwe kwa bomba hadi kwenye tanki la kostiki; mtungi wenyewe usitumbukizwe. Ukiwa umelala na kinachotoka ni kimiminika, usimamishwe valvu iwe juu ili itoke gesi, kwani lita 1 ya kimiminika inazaa takriban lita 460 za gesi.

Na mtungi mtupu ufungwe valvu. Ukiachwa wazi unavuta hewa yenye unyevu, na valvu inaoza kwa ndani.

Zamu_ya_Usiku:
Barakoa ya chujio ni ya kukimbilia, si ya kuingilia. Chujio haliongezi oksijeni, na ukishaona wingu la kijani-manjano hakuna anayejua ni ppm (sehemu kwa milioni ya hewa) ngapi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inahesabu 10 ppm kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Anayekwenda kuziba avae mtungi wa hewa mgongoni, na mwenzake asimame nje akiwa amevaa vilevile. Mwenye ndevu hafai kwa kazi hiyo, barakoa haishiki uso. Vifaa vitundikwe nje ya chumba. Vikiwa ndani nani atavifuata?

Swichi ya feni nayo iwe nje, na tundu la kunyonyea liwe karibu na sakafu, kwa sababu klorini ni nzito kuliko hewa mara 2.5.

Pampu_Namba2:
Shukrani sana. Feni yetu iko karibu na dari, kumbe. Na mtungi ukipata barafu kwa nje?

Mkemia_wa_Zamu:
Mnauvuta kupita uwezo wake. Wa kilo 68 hutoa kama kilo 18 kwa siku kwenye nyuzi 21. Unganisheni miwili. Msiupashe moto wala kuumwagia maji ya moto: plagi yake ya usalama huyeyuka kuanzia nyuzi 70 hivi, na ikiyeyuka gesi yote inatoka.

Zamu_ya_Usiku:
Nimesahau: aliyevuta gesi atolewe upande unakotoka upepo, avuliwe nguo, macho yaoshwe dakika 15, asitembeetembee. Apelekwe hospitali hata akisema kikohozi kimeisha, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.