Ukoo wa Bi Zuhura, Mikindani

ALHAMISI

Somoe 19:04
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nawakumbusha elfu kumi na tano kila mmoja, ya chumvi ya mashine ya kuoshea vyombo na nauli yake toka Dar. Ndoa ya Zai ni Jumamosi ijayo na glasi zinatoka hivi. Mpaka sasa kachanga mtu mmoja. Mimi.

Somoe 19:05
[picha]

Chande 19:31
Hizo glasi zimevaa kanzu?

Fatu 19:31
😂😂😂

Somoe 19:33
Cheka, ila tuma.

Mwanahawa 19:40
Dada, chumvi elfu kumi na tano, Mtwara hii? Chumvi inavunwa hapo chini tu. Kachote debe.

Somoe 19:41
Sefu waeleze, mie nimechoka.

Sefu 20:12
Shikamooni wakubwa, nilikuwa kwenye friji ya mtu. Jamani, kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu, yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo maana povu halitoki na birika lina ukoko. Sasa chini ya ile mashine kuna chombo kimejaa vipunje vya plastiki, resini. Kila kipunje kimeshika sodiamu. Maji yakipita, kinanasa kalsiamu na kuachia sodiamu, maji yanafika kwenye vyombo yakiwa laini.

Sefu 20:14
Vipunje vikishajaa havinasi tena. Hapo mashine inavisuuza kwa maji ya chumvi kali, kalsiamu inang'oka, vyote vinamwagwa na maji machafu. Yetu haijatiwa chumvi tangu ifike. Kule Maskati maji ya bomba mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, laini, Ma'mdogo Rukia hakuihitaji.

Chande 20:16
Kwa hiyo pilau isitiwe chumvi, itaipata kwenye sahani

Sefu 20:17
Mjomba, haifiki kwenye sahani 😅

Mwanahawa 20:20
Hujanijibu. Ya shambani ina nini?

Sefu 20:26
Ma'mdogo Hawa, ile kifuku si inalowana yenyewe guniani? Inayovuta maji ni magnesiamu. Utakuwa unaitia mashine kile kile inachohangaika kukitoa. Na ya dukani ya madini joto ni ungaunga, inaziba, tena ina dawa ya kuizuia isigande. Inatakiwa chumvi tupu, ya chenga kubwa. Kama kilo moja hivi, na mara ya kwanza tangi lake linajazwa maji kabla ya chumvi. Halafu iwashwe papo hapo, iliyomwagika isije ikala bati.

Somoe 20:28
Mmesikia. Inakuja na basi la Jumatatu. Tumeni.

Somoe 20:55
Mmesoma watu kumi na saba, kimya.

Mwanahawa 21:02
Mie naogopa kutuma. Ya pampu sijajua ilikoishia.

Fatu 21:02
🙈

Somoe 21:03
Hawa usianze.

Mwanahawa 21:05
Sijaanza. Korosho za mama, gunia nne. Tukaambiwa pampu, tukaonyeshwa kochi.

Chande 21:06
Kochi lenyewe zuri lakini. Nimelilalia sasa hivi.

Somoe 21:09
Ujumbe huu umefutwa

IJUMAA

Mjomba Issa 05:48
Asalaam aleikum wanangu. Nimesomewa yote. Mashine ni zawadi ya Rukia, haitupwi. Lakini vyombo vya ndoa ya mjukuu wangu havingoji basi. Vitaoshwa kwa mikono. Mama yenu nguo nyeupe hakufulia maji ya kisima hata siku moja, alikinga ya mvua. Lile pipa lake liko wapi? Na habari ya pampu nataka kuisikia mwenyewe. Somoe na Hawa, mje baada ya swala ya Ijumaa.

Somoe 06:20
Shikamoo mjomba. Sawa.

Mwanahawa 06:41
Shikamoo mjomba. Nitakuja.

Fatu 07:02
Mikono yenyewe ni ya nani kama si yangu 😭

Sefu 12:40
Babu kasema kweli, mvua haijapita kwenye mawe, haina hayo madini. Ila mvua yenyewe ya mwezi wa kumi na mbili. Ma'mdogo Somoe, glasi ziloweke kwenye siki. Weupe usipotoka, ujue kioo chenyewe kimelika.

Bakari 15:15
Ndo naingia. Tunachangia chumvi ya nini?

Somoe 17:50
Panda juu usome.

Bakari 17:58
Nimesoma. Kesho natuma elfu kumi.

Chande 17:59
Pipa la mama limetoboka, kuku wanalalia.

Somoe 18:30
Mpaka sasa: elfu kumi na tano yangu, ahadi ya Bakari, na siki ya Fatu chupa moja. Mtu wa basi anauliza nimwambie alete au asilete?

Mwanahawa 18:52
Muulize mjomba.