Naomba ushauri: kompyuta ya mezani inalia mlio mmoja mrefu na mifupi miwili, monita haionyeshi kitu

Mkazi wa Mikindani:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina duka dogo la steshenari hapa Mikindani, na kazi zangu kubwa ni picha za pasipoti, kadi za harusi na kutoa kopi za vitambulisho vya wakulima wakati wa msimu wa korosho. Kompyuta ninayoitegemea ni ya zamani, ina prosesa ya Core 2 Duo, ramu ya GB 4 na pawa saplai ya wati 300, na aliyeniuzia alikuwa ameiongezea kadi ya video, yaani kipande kinachotengeneza picha ya monita. Kwa wiki mbili ilikuwa ikionyesha vidoti vya zambarau na mistari ya wima, hasa nilipofungua picha kubwa. Juzi umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo, na tangu hapo nikiiwasha inalia mlio mmoja mrefu na mifupi miwili, feni ya kasha inazunguka, lakini monita inaandika kwamba haipokei mawimbi. Monita nimeijaribu kwa laptopu ya jirani na ni nzima. Je, ninunue kadi nyingine, au mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ndiyo imekufa?

Fundi wa Masasi:
Pole sana, mkuu. Kwenye mashine nyingi za rika hilo mlio huo ni namna baiosi, programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa, inavyolalamikia kadi ya video, ila maana ya milio hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo usitoe hela kwa ushahidi wa mlio peke yake. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, gusa bati la kasha kwa mkono, ndipo ufungue. Mwishoni mwa sloti, ule mfereji ambamo kadi imechomekwa, kuna kifungio kidogo cha plastiki kinachoing'ang'ania kadi. Kibonyeze kwanza, maana nimepokea mazabodi kadhaa ambazo sloti zake zilivunjwa na watu waliovuta kwa nguvu.

Kisha tazama nyuma ya kasha, karibu na matundu ya USB, kama kuna tundu la VGA, lile la buluu lenye vitobo kumi na vitano. Kama lipo, mazabodi hiyo inaweza kuonyesha picha yenyewe. Chomeka monita hapo na uwashe kadi ikiwa nje kabisa, kwa sababu kadi ikiwamo tundu hilo mara nyingi huzimwa, na ndiyo maana wengi hulijaribu wakadhani limekufa.

Kijana wa Lindi Mjini:
Mimi kadi yangu ilipokufa niliivua feni, nikaiweka kwenye oveni ya mikate kwa dakika kumi, ikawaka tena. Jaribu kabla hujatumia fedha.

Bibi Kompyuta, Nachingwea:
Mwanangu, ilidumu muda gani?

Kijana wa Lindi Mjini:
Wiki tatu, shikamoo bibi.

Bibi Kompyuta, Nachingwea:
Marahaba. Ndivyo inavyokuwa. Joto huirudisha chipu kwa muda tu, kisha hitilafu ileile hurejea, na moshi wa plastiki unabaki mahali mnapookea chakula cha watoto. Tafadhali, asifanye mtu jambo hilo.

Mkazi wa Mikindani:
Nimefuata maelekezo ya fundi. Bila kadi, mashine imelia mlio mmoja mfupi na picha ikatokea kupitia VGA ya mazabodi. Nilipoirudisha kadi, milio mitatu ikarudi. Nimesugua meno yake yanayoingia kwenye sloti kwa raba nyeupe, yakatoka weusi na ukijani kidogo, nadhani ni hewa ya bahari, lakini haikusaidia. Nilipoichunguza juani niliona kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zimevimba vichwani, na moja imetoa utandu wa kahawia. Sasa kuna mtu wa Kariakoo ananipa kadi iliyotumika, yenye nguvu kubwa, ina tundu la umeme la pini sita. Niichukue?

Fundi wa Masasi:
Usiichukue. Sloti ya PCI Express x16 hutoa wati 75 tu, na tundu la pini sita linamaanisha kadi inaweza kudai wati 75 nyingine. Pawa saplai yako ya wati 300 imezeeka pamoja na mashine, na hata ukiunganisha kwa adapta unaitwisha mzigo usioujua mwisho wake. Tafuta GeForce GT 710, inayotumia wati 19 hivi na haihitaji waya wa ziada. GT 1030 ni bora zaidi, lakini kwa kawaida haina VGA, na adapta rahisi ya kutoka DVI-D, tundu lake la picha za kidijitali, kwenda VGA haifanyi kazi, hivyo kama monita yako ina VGA pekee ungelazimika kununua kigeuzi maalumu au monita nyingine. Pima pia upana wa kasha: kama ni lile jembamba, omba kadi fupi yenye bati fupi, la sivyo itasafiri kutoka Dar kwa basi kisha ishindwe kuingia.

Bibi Kompyuta, Nachingwea:
Mimi ningeuliza kwanza kama kadi inahitajika. Picha za pasipoti hazihitaji zaidi ya ile ya mazabodi, ingawa itakula sehemu ya ramu yako. Ondoa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya zamani, fanya kazi siku mbili tatu uone. Fedha hiyo ingenunua UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme unapokatika, kwa sababu huo umeme wa kukatika na kurudi utaiua na kadi mpya.

Mkazi wa Mikindani:
Nimeondoa draiva na tangu asubuhi nimetoa picha arobaini bila tatizo. Kadi za harusi ndizo zinazofunguka polepole, nazo nitazivumilia. UPS nimeshaiagiza. Asanteni sana, na fundi, nikipita Masasi nitakuletea ile kadi uone kama kapasita zake zinabadilishika.