Umeme safi 2030? Niambieni kwanza saa moja jioni mnawasha nini

Wadau, leo nimenunua tokeni za stima za shilingi 500, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaisoma meseji yote. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Mafuta gani jamani? Si Kenya hii ndiyo nchi tunayoimbiwa kwamba karibu asilimia 90 ya stima yake ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua? Si tuliahidiwa, tangu kule kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021, kwamba ifikapo 2030 yote itakuwa safi?

Usiku wa manane matumizi ya nchi hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Mvuke wa visima vya Olkaria, kule Naivasha, haulali kwa sababu sisi tumelala, kwa hiyo mwingine unaachiliwa hewani bila kuzungusha chochote. Halafu ikifika saa moja jioni jua limezama, kila nyumba imewasha taa na TV, na huku Pwani mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai inaitwa kazini. Yaani iliyo safi tunaimwaga usiku, chafu tunainunua jioni!

Na kila serikali ikizindua mpango wa umeme wa miaka 20, kinachopigiwa vigelegele ni megawati za mitambo mipya. Nyaya za kuusafirisha umeme na betri za kuuhifadhi? Mtaona baadaye. Kama vile hatukuona Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana: mitambo 365 ya upepo, megawati 310, imekamilika 2017, ikakaa inatazama ziwa kwa sababu laini ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa bado. Ikaunganishwa 2018. Upepo ulivuma bure, na fidia ya mabilioni kwa wenye mitambo ikatutoka sisi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Viwanda vilipewa bei nafuu ya usiku tangu mwisho wa 2017. Mimi wa tokeni nikiamka saa nane usiku nipige pasi, nalipa bei ile ile ya jioni. Sasa nihamishe matumizi yangu kwa faida ya nani? (Mke wangu anasema nilale tu. Ana haki.)

Kuna mtu humu anajua betri kubwa ya kwanza ya gridi itawashwa lini? Nataka tarehe, si "hivi karibuni". Na anayekuja kunijibu kwa mtambo wa nyuklia uliokuwa umepangwa Uyombo, Kilifi, apite tu.