Tupeane uzoefu: uliwahi kumtegemea mheshimiwa akakuangusha?

Mama Viazi
Bwana asifiwe wapendwa. Juzi kwenye ushirika wa nyumbani hapa Muyeye tulisoma 1 Samweli 8, Waisraeli wakidai mfalme kama mataifa mengine. Samweli akawahesabia: atawatwaa wana wenu, mashamba yenu, sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Wapi! Wakamtaka huyohuyo. Nikacheka peke yangu, maana nilijiona mimi 2022.

Mwaka ule nilipika pilau ya kampeni sufuria mbili, nikajifunga leso yenye sura ya mgombea. Aliniahidi basari ya mwanangu. Aliposhinda nilipeleka fomu mara tatu, ya nne hata simu haikushikwa. Nikamkasirikia mpaka Mungu, kana kwamba Yeye ndiye aliyeahidi. Leso ile sasa napigia deki.

Karo ilipatikana kidogo kidogo, kwa viazi karai na wenzangu wa chama kunishika mkono. Sisemi ni muujiza. Na kura nitapiga tena, Warumi 13 ya kutii wenye mamlaka sijaifuta. Haya, nyinyi je?

Mvuvi wa Mayungu
Dada, wewe leso, sisi mashine ya boti. Tumeahidiwa kila uchaguzi. Mzee wetu wa kanisa akatwambia tumwombee huyo mtu kwa jina, kama 1 Timotheo 2 inavyosema. Wiki ya kwanza niliomba meno nimeyauma. Mashine haijaja, ila siku hizi namwombea bila kumlaani katikati.

Boda wa Stendi
Mnawasema wanasiasa tu? Mimi naogopa zaidi mtu aliyeshika Biblia.

Aprili 2023, habari za mhubiri na wafuasi wake kule msitu wa Shakahola zilipotoka, nilibeba ndugu waliokuja Malindi kutafuta watu wao. Mama mmoja alikuwa na picha ya dada yake katikati ya kurasa za Zaburi. Nikamuuliza nimshushe wapi, akasema mochari. Njia nzima hakunena tena, na mimi sikuthubutu hata kupiga honi. Nauli sikuichukua. Baadaye ikajulikana miili iliyofukuliwa msituni imepita 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wamwone Yesu.

Zaburi 146 inasema tusiwatumainie wakuu wala binadamu. Nilidhani ni wafalme. Kumbe hata wa madhabahuni wamo. Siku hizi mchungaji akisema "Mungu ameniambia", nafungua nisome mwenyewe. Waberoya wa Matendo 17 walichunguza Maandiko wapime maneno ya Paulo mwenyewe, na hakuna aliyewaita waasi.

Kadzo
Pole sana, Boda. Lakini mimi nina neno. Tukiangushwa tunapenda kusema "Mungu ndiye mtawala", na hayo ni maneno matamu sana kwa waheshimiwa, kwa sababu tukishayasema tunakaa kimya. Nabii Nathani alijua Mungu anatawala, na ndiyo maana alisimama mbele ya mfalme Daudi akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakwenda nyumbani kulalamika kwa majirani. Mimi kikao cha wananchi cha bajeti kikitangazwa katika wadi yetu, naenda. Mara nyingi tunakuwa wachache, na wanaume wanakaa karibu na mlango, tayari kutoka.

Mama Viazi
Kadzo mwanangu, umenipata. Kikitangazwa tena niambie. Nakala ya ile fomu ya basari bado ninayo, nije nayo?