Hilux ya mwaka 1993: taa za mbele hazitoshi usiku barabara ya Mtera, nibadilishe nini?

Mchukuzi wa Samaki

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Nina pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1993, injini ya dizeli, yenye taa za mstatili zinazotumia balbu za H4 (balbu moja yenye nyuzi mbili, wa mwanga wa karibu na wa mbali). Naitumia kuleta samaki mjini Dodoma kutoka bwawa la Mtera, na kwa kuwa samaki wa barafu hawavumilii jua la huku kwetu, huondoka Mtera saa tisa za usiku ili nifike sokoni kabla hakujapambazuka.

Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimepita Chipogolo naelekea Fufu kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa, nilimwona mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa wakati ameshafika karibu kabisa na bampa. Nilimkwepa kwa rehema za Mungu, makasha mawili ya samaki yakamwagika, na ilinibidi nisimame pembeni kwa muda mrefu kabla mikono haijaacha kutetemeka. Yule bwana hakuwa na taa wala kiakisi, lakini siwezi kumtupia lawama zote, kwa sababu taa zangu zina mwanga wa manjano hafifu unaoishia hatua chache mbele ya gari.

Nimepewa ushauri wa namna tatu. Fundi mmoja anataka anifungie balbu za LED ndani ya taa hizi hizi. Muuza vipuri ananishawishi ninunue balbu za H4 za wati 100 kwa 90, yaani 100 za fulu (mwanga wa mbali) na 90 za dimu (mwanga wa karibu). Rafiki yangu naye anasema nitafute taa nzima zilizotumika, zinazoingizwa kutoka Dubai. Uwezo wangu si mkubwa, hivyo ningependa kufanya jambo moja lililo sahihi kuliko kujaribu matatu. Mwenye uzoefu naomba anielekeze.

Fundi Umeme Kizota

Pole sana ndugu yangu, na tumshukuru Mungu kwamba yule mwenye baiskeli yu hai. Nakuomba usinunue chochote hadi umepima umeme unaofika kwenye balbu zako. Nasema hivi kwa sababu gari lenye zaidi ya miaka 30, hasa lililokula vumbi la kati ya Juni na Oktoba kila mwaka, mara nyingi halina tatizo la balbu. Lina tatizo la njia ya umeme.

Katika magari ya aina hiyo umeme wote wa taa husafiri kutoka kwenye betri, ukapitia fyuzi, ukaingia kwenye swichi ya usukani na kurudi tena mbele, kwa nyaya nyembamba zilizoungwa mahali pengi. Balbu mbili za wati 60 zikiwaka fulu huvuta takriban ampea 10. Kila kiungo chenye kutu, kila waya uliochoka na kila nati ya athi (inayofunga waya wa hasi kwenye bodi) iliyoshika uchafu hula sehemu ya volti kabla hazijafika mbele. Balbu ya halojeni, kama hiyo H4 yako, nayo haipungui mwanga sawasawa na volti, bali hupungua kwa kasi zaidi: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. H4 ya kawaida hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, na hapo dimu hutoa kama lumeni (kipimo cha mwanga) 1000 na fulu 1650. Ukiipa volti 11.5 tu, usishangae ikigeuka kuwa kibatari.

Kupima ni rahisi. Washa injini, washa taa, kisha weka mita kwenye vichwa vya betri na uandike namba unayoipata. Halafu ichomeke nyuma ya soketi ya balbu, ikiwa balbu bado imo ndani na inawaka, kwa maana ukichomoa balbu umeme hautembei na mita itakudanganya kwamba kila kitu ni kizima. Tofauti ikizidi nusu volti, umeshapata ugonjwa.

Kuhusu balbu za wati 100 kwa 90, mimi kwa moyo wangu wote nakukataza. Nyaya zako zimeshindwa kubeba wati 60, zitabebaje 100? Nimeshabadilisha soketi nyingi zilizoyeyuka na swichi za usukani zilizoungua kwa sababu ya balbu hizo, na ile rangi ya fedha iliyopakwa ndani ya taa huungua pia kwa joto. Epuka vilevile balbu zenye kioo cha bluu, kwa kuwa ile rangi huzuia sehemu ya mwanga, hata kama machoni unaona ni mweupe zaidi.

Pikapu Nkuhungu

Mimi nitazungumzia LED kwa kuwa nilizifunga kwenye gari kama lako na nikazitoa baada ya miezi mitano.

Siku ya kwanza nilifurahi mno, maana mbele ya gari palikuwa peupe kama mchana. Nilipoanza safari za Kondoa usiku ndipo nikagundua kwamba weupe ule ulikuwa karibu karibu tu, na mbali nilikuwa sioni zaidi ya zamani. Kila gari lililokuja mbele lilinipiga fulu kwa hasira, ingawa mimi nilikuwa kwenye dimu. Nilielewa sababu nilipoweka balbu ya zamani na ya LED mezani nikazilinganisha. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende juu, na ule uzi umekaa mahali pamoja hasa ambapo kioo cha taa kiliundwa kuupokea. Chipu za LED zilikuwa na umbo jingine na zilikaa milimita kadhaa tofauti, kwa hiyo mwanga ulitawanyika kila upande, ukiwamo wa kwenye macho ya watu. Halafu kifeni cha kupoza balbu kiliziba kwa vumbi na upande mmoja ukaanza kupepesa.

Sipingi LED kabisa. Zipo taa nzima, zenye lenzi na kiakisi chake vilivyoundwa pamoja kwa ajili ya LED, na hizo ni jambo jingine. Ninachokipinga ni kuchomeka balbu ya LED kwenye taa iliyoundwa kwa ajili ya uzi wa halojeni. Na kama kuna mtu atakushauri usugue taa kwa dawa ya meno, mwambie hiyo ni kwa taa za plastiki zilizogeuka njano. Ya kwako ni kioo, na kikifubaa ubaya huwa uko ndani.

Dereva Mstaafu

Wanangu mmesema vizuri, nami naongeza mambo mawili ambayo niliyalipia kwa miaka mingi ya kuendesha lori.

La kwanza ni hizo taa za Dubai. Kule magari hupita kulia, na sisi tunapita kushoto. Dimu ya gari la kulia hurusha mwanga wake mrefu upande wa kulia, pembeni mwa njia yao, kwa hiyo ukiifunga hapa itamulika usoni mwa anayekuja na kuacha giza upande wa kushoto, ambako ndiko wanakotembea watu, punda na ng'ombe. Taa zilizotumika za kutoka Japani hazina shida hiyo, kwa sababu nao hupita kushoto. Taa zenye alama ya E ndani ya duara zina njia nyepesi ya kuzitambua: simama mbele yake ukiitazama, na kama ni ya magari ya kushoto tu utakuta kishale kwenye kioo kinachoelekea mkono wako wa kulia.

La pili ni kupanga taa, na hapa ndipo wengi wanapozembea baada ya kutumia fedha nyingi. Pikapu ikibeba mzigo hulala nyuma na kuinua pua, na taa iliyopangwa gari likiwa tupu huanza kumulika matawi ya mibuyu. Kwa hiyo panga ukiwa na mzigo wako wa kawaida na upepo wa matairi ukiwa sawa. Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, upime urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa na uweke alama ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 hadi 13 chini ya alama hiyo.

Na mwendo, mwanangu. Dimu nzuri huonyesha vizuri mita 50 au 60. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hukimbia mita 22 kila sekunde, na ukijumlisha muda wa kushtuka na wa kukanyaga breki utahitaji karibu mita 70 hata kama lami ni kavu. Ukiwa kwenye dimu, 60 inatosha.

Mchukuzi wa Samaki

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimepima jana. Betri ilisoma volti 13.9 injini ikiunguruma, taa ya kushoto ikapata 11.7 na ya kulia 11.2. Nati ya athi ya upande wa kulia ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ilikatika nilipoigusa kwa spana. Kioo cha taa ya kulia nilipokichungulia ndani nilikuta rangi ya fedha imebabuka na kuwa kahawia, nimeshakibadilisha kwa kilichotoka Japani.

Sasa nataka kufunga rilei, yaani swichi za umeme zitakazozipa balbu umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupitia swichi ya usukani, ila fundi wa hapa jirani amechanganyikiwa. Anasema kwenye soketi anakuta chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi inakata hasi. Je, gari langu limeharibiwa na mtu?

Fundi Umeme Kizota

Halijaharibiwa. Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yako hivyo: waya mmoja wa chanya hulisha nyuzi zote mbili za balbu, na swichi huchagua ni hasi ya dimu au ya fulu itakayofungwa. Ndiyo maana seti za rilei zilizotengenezwa kwa magari mengine huleta vurugu zikichomekwa hapo bila kufikiri.

Tumia rilei mbili za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fulu. Ichukue soketi ya zamani ya upande mmoja uifanye iwe ya kuamuru tu: chanya yake iende kwenye ncha 86 ya rilei zote mbili (namba za ncha zimeandikwa kwenye rilei yenyewe), hasi ya dimu iende 85 ya rilei ya dimu, na hasi ya fulu iende 85 ya rilei ya fulu. Ncha 30 zipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 4, kila mmoja na fyuzi yake ya ampea 20 iliyo karibu kabisa na betri. Usiiruke hiyo fyuzi, kwa sababu waya wa betri usio na fyuzi ukichubuka kwenye bodi gari linaungua. Ncha 87 ziende kwenye nyuzi za balbu, na ile ncha ya pamoja ya balbu sasa iwe athi, kwa waya mpya hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kupakwa grisi. Balbu ya halojeni haijali umeme umeingilia upande gani. Tumia soketi za kauri, na usishike kioo cha balbu kwa vidole vitupu.

Mchukuzi wa Samaki

Imekamilika jana jioni, kwa balbu zilezile za wati 60 kwa 55. Kushoto napata volti 13.5 na kulia 13.4. Nimepanga dimu kwenye ukuta wa shule nikiwa na makasha yaliyojaa maji badala ya samaki, na usiku wa kuamkia leo kabla ya Fufu niliwaona ng'ombe watatu wamelala pembeni mwa lami, nikapunguza mwendo na kuwapita polepole.