Watangazaji, ni TA-A-RA-BU! Silabi nne, mbona mnakula moja?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Jana usiku nimekaa na redio yangu, mtangazaji anafungua kipindi: "Karibuni kwenye TÁrabu!" Mkazo kaupachika mwanzoni, "a" moja kaimeza. Nikasema labda ulimi umeteleza. Karudia mara tatu.

Kiswahili kila irabu ina silabi yake. Ta-a-ra-bu, mkazo kwenye "ra", silabi ya pili kutoka mwisho. Hili nalo linataka shahada?

Kilichonipandisha presha zaidi ni pale alipojitia mwalimu. Eti jina limetokana na "Uarabu", muziki wa Waarabu, basi. Uongo mtupu! Asili ni tarab, neno la Kiarabu kweli, ila maana yake ni ile hali ya moyo kuchotwa na muziki mpaka mtu anaguna "Allah!" bila kujijua. Tarab linaanza na ile "t" nzito ya Kiarabu, herufi twaa. Arab linaanza na herufi nyingine, ain. Mizizi miwili tofauti kabisa. Neno lenye undugu na Arab ni "ustaarabu", na huo ndio aliokosa jana. Sisi tukaongeza "u" mwishoni, kama kitab ilivyokuwa kitabu.

Na akome kuuzungumzia kama mali ya wageni. Sawa, inasimuliwa Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na hiyo ni kabla ya 1888. Lakini Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba Kiswahili, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya walalahoi wa Zanzibar, walijisikia wenyewe humo ndani.

Nikapiga simu studio. Aliyepokea kacheka: "Mzee, si inaeleweka lakini? 'A' moja tu hiyo."

"A" moja tu? Haya. Ukienda ukweni, mwambie mama mkwe kwamba binti yake "anakufa" badala ya "anakufaa", halafu urudi hapa utupe mrejesho.